Dakika Moja ya Katekista

Janeti aliisikia sauti ya baba yake kabla hajafika dukani. Alisimama katikati ya barabara ya vumbi, chupa tupu ya mafuta ya kula mkononi, akajiuliza baba amefika hapa saa ngapi wakati amemwacha nyumbani akimwagilia kitalu cha miche ya tumbaku. Sauti ikanyamaza, kisha ikaanza tena palepale ilipoanzia. Ndipo akajua ni simu.

Kwenye benchi la nje ya duka la Humaidi walikuwa wamekaa wanaume watatu, vichwa vimegusana. Katikati yao alikuwa Lugembe, ameishika simu kama mtu anayewaonyesha wenzake picha ya mtoto wake.

"Mume akifa, kazi ya mwanamke imekwisha," sauti ya baba yake ilisema. "Shamba ni la ukoo. Bani la kukaushia tumbaku ni la ukoo. Hata jembe ni la ukoo! Afunge mzigo arudi kwao, na Kanisa lisiingilie mambo ya wenye mji."

Nyuma ya sauti hiyo watu walisikika wakicheka.

"Rudia hapo pa jembe," alisema mmoja wa wale wanaume.

Janeti alitaka kugeuka, lakini Lugembe alikwisha kumwona. "Aa, binti mwalimu! Mbona unarudi? Njoo umsikie mzee."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwambie baba yako leo kanifurahisha. Miaka yote nasinzia kanisani nikidhani anahubiri tu, kumbe siku moja moja anasema kweli." Wenzake walicheka. "Keshokutwa barazani sipeleki shahidi. Shahidi ninaye mfukoni."

Ndani ya duka, Humaidi aliweka chini kibao cha kukatia sabuni. Alikuwa mzee mwembamba wa Kiarabu, babu yake alifungua duka Tabora mjini, na yeye akaifuata reli mpaka huku Mabatini, kijiji cha wakulima upande wa pili wa stesheni ya Usoke. "Jamani," alisema, "huyu Jumapili namsikia toka asubuhi mpaka mchuzi unapoa. Na Jumanne mnaniletea tena mlangoni? Zimeni hiyo, au nunueni kitu."

Janeti alipimiwa mafuta. Aliivuta chupa kabla haijafungwa, mafuta yakamwagika kwenye meza ya duka, na Humaidi akayafuta na kitambaa huku akimtazama. Janeti alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ya kupita mashambani, ili asikutane na mtu.

Video ile aliikata yeye.

*

Nyumbani kwa baba yake, katekista Anakleti Niyokwizera ambaye watu walimwita mwalimu, mlikuwa na mgeni. Josepha, mjane wa Egidi, alikuwa amesimama mlangoni. Benedikta, mke wa katekista, alimletea kigoda, Josepha akakitazama na kubaki amesimama.

"Kaa basi, dada."

"Sikukaa kwangu, nitakaa kwako?" Josepha alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani. Mumewe alizikwa kabla ya mvua za mwisho, na tangu arobaini ipite shemeji yake Lugembe alikuwa akilipima shamba kwa macho. Kwanza aliazima jembe. Kisha alifunga mbuzi wake kwenye bani. Halafu akapeleka shauri kwenye baraza la ardhi la kijiji, akidai shamba la marehemu kaka yake lirudi kwenye ukoo, na mjane arudi kwao Igunga na watoto wake. Baraza hilo lilikuwa la usuluhishi, halina askari wala pingu, lakini Mabatini mtu akiondolewa na baraza huwa ameondolewa na kila mlango.

"Benedikta, mimi nilikuwepo," Josepha alisema. "Nilikaa benchi la mbele na watoto. Nilicheka na mimi. Najua koti lilikuwa kwenye kiti. Lakini nani mwingine anajua? Jana mama mkwe kanipigia simu kutoka Tabora. Ananiambia, hata Kanisa lako limekutupa, unang'ang'ania nini?"

Habari ya koti ilikuwa hivi. Anakleti alikuwa na koti moja la kahawia, la harusi yake, ambalo alilivaa kila Jumapili akiongoza ibada, kwa kuwa padre alifika kigangoni mara moja kwa mwezi. Alipofika mahali pa kusema maneno ya mwenye dhambi, alilivua koti akaliweka kwenye kiti. Tangu hapo hakuwa yeye tena. Alikuwa mlevi, au mchoyo, au mke mwenye ulimi, na alisema maneno yao kwa sauti zao mpaka watu wakacheka kwa kuwatambua majirani. Akimaliza, alilivaa koti, akasema, "Sasa nimerudi." Hapo vicheko vilikatika, na mahubiri yenyewe yakaanza. Baba yake alifanya hivyo Ulyankulu, katika makazi ya watu waliotoka Burundi, na yeye alikuwa ameurithi mtindo huo kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Kigangoni watoto wadogo walijua: koti kitini, anasema yule mwingine.

Janeti alikuwa amelijua hilo tangu hajaota meno. Ndiyo maana hakulifikiria.

Paroko, Padre Wilbroad, alikuwa ameagiza vigango vyote kwamba mahubiri yasizidi dakika kumi, na kila kigango kitume kwenye grupu la parokia video ya dakika moja, yenye neno la wiki. Vijana hawasomi, alisema, vijana wanatazama. Katika kigango chao mwenye simu ya tachi na aliyejua kukata video alikuwa Janeti, aliyeishia darasa la tano na ambaye akiulizwa jambo mbele za watu hutazama vidole vya miguu. Hii kazi ilimpendeza kwa sababu haikumtaka afungue mdomo. Alirekodi mahubiri yote, simu ikiwa imeegemezwa dirishani. Jioni aliyasikiliza, akatafuta dakika iliyochangamka kuliko zote. Aliipata mahali ambapo watu walicheka. Akaikata, akaituma, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, akaifuta ile ndefu.

Sasa alisimama nyuma ya nyumba na chupa ya mafuta, akisikiliza.

"Na nani kaikata?" Josepha aliuliza mlangoni. "Maana aliyekata ndiye aliyeniua."

Janeti aliyasikia makosa yake katika ukimya wa mama yake. Josepha ndiye aliyemsimamia ubatizo. Ndiye aliyemshonea gauni la komunyo ya kwanza, jeupe, mikono mirefu, kwa sababu Janeti aliona haya kuonyesha mikono.

*

Baba yake hakumpiga wala hakupaza sauti. Alirudi kutoka kitaluni na ndoo, akanawa miguu, akamsikiliza Janeti mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Kwa nini ulikata hapo, mama?"

"Hapo ndipo palipochangamka, baba."

Anakleti alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyepewa bei asiyoitegemea. "Kweli," alisema. "Yule mwingine siku zote anachangamka kuliko mimi."

"Ifute!" alisema Benedikta.

"Nimeifuta, mama. Kwenye grupu haipo. Lakini wameshaipakua. Kuna mtu kaiweka TikTok na muziki. Wameandika juu yake, Katekista asema ukweli mchungu."

Janeti alikuwa ameandika pia maelezo, akaeleza habari ya koti, na ya baba yake, na kwamba maneno yale ni ya mtu mbaya katika mfano. Alitumia bando lote la siku akiyatuma kwa kila aliyemjua. Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa kwaya: *Ndefu sana hii, fupisha.* Mwingine akatuma picha ya mtu anayesinzia.

Benedikta alipiga viganja vyake magotini, akaanza kusema Kirundi, kama alivyofanya akiogopa. Aliogopa mambo mengi kwa pamoja: aibu, shamba la rafiki yake, cheo cha mumewe, na maneno ambayo Lugembe hakuyasema bado lakini yangekuja tu, kwamba watu hawa ni wakuja, wamepewa uraia juzi, leo wanagawa ardhi ya wenyeji.

"Kesho twende kwa paroko," Anakleti alisema. "Ataandika mistari miwili, baraza litaelewa."

*

Walikwenda kwa baiskeli, Janeti nyuma, na Anakleti alivaa koti ingawa jua lilikuwa kali. Parokiani walikaa kwenye benchi la veranda mpaka kivuli kikawahama. Ndani, Padre Wilbroad alikuwa akiongea na simu. Alikuwa padre kijana, mchapakazi, aliyezunguka vigango vyote kwa pikipiki, na hakuwa mtu mbaya. Alipowaita aliwakaribisha viti, akaweka simu mezani, uso juu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina. Mwalimu, nimeiona. Wameniletea hata kutoka jimboni. Ninajua mtindo wako, mimi nimekusikia. Lakini nikuulize. Nilisema dakika ngapi?"

"Kumi, Padre."

"Na wewe Jumapili ile ulisema ngapi?"

Anakleti alitazama kofia yake. "Sikuwa na saa."

"Ungesema dakika kumi, usingekuwa na nafasi ya kuvua koti na kulivaa. Ungesema: mjane asidhulumiwe, amina. Nani angekata nini?" Simu iliwaka mezani, padre akaitazama, akaigeuza. "Mahubiri mafupi si uvivu, mwalimu. Ni kumheshimu anayesikiliza."

"Ni kweli, Padre. Ila wengine wanakuja kwa mguu kutoka ng'ambo ya reli, wamefunga tangu usiku. Nikiwapa dakika kumi naona kama nimewaita bure."

Padre alitabasamu kidogo. Simu iliwaka tena.

"Tunaomba barua," alisema Janeti. Wote wawili waligeuka kumtazama, na yeye akatazama vidole vyake. "Ya baraza. Kesho."

"Barua ya parokia kwenye kesi ya shamba, binti yangu? Nikiandika, keshokutwa kila mwenye mpaka na jirani yake yuko hapa verandani. Watasema Kanisa linagawa ardhi. Nitaandika neno kwenye grupu, nitulize watu." Alishusha sauti. "Na wewe mwalimu, Jumapili hii usisimame mbele. Atasoma mzee wa kanisa. Mpaka ipoe."

"Mpaka lini, Padre?"

"Mpaka ipoe."

Walipofika kwenye reli, simu ya Janeti ililia kwa ujumbe wa paroko kwenye grupu. Aliusoma kwa sauti, baba yake akiwa ameishika baiskeli. *Wapendwa, tusisambaze video ya Mabatini. Suala linashughulikiwa.* Chini yake maswali yalikuwa yameanza kumiminika. Video gani? Mwenye nayo aitume.

"Kafupisha," Anakleti alisema, akaisukuma baiskeli kuvuka reli.

*

Asubuhi ya baraza hakuna aliyekula. Uji ulifanya ngozi juu. Anakleti alivaa koti, akalivua, akalivaa tena.

"Sikilizeni," alisema. "Janeti hatasema kitu. Hawatamtaja. Nitasema nililisema vibaya mimi, naomba radhi, basi."

"Ukisema ulilisema vibaya, umekubali kwamba ulilisema," Benedikta alimjibu. "Lugembe anataka nini zaidi ya hapo?"

"Mnataka nimpeleke mtoto mbele ya watu waseme ndiye?"

"Na Josepha je? Ana watoto au ana kuku?"

Katika maisha yake alikuwa amejibu maswali mengi ya watu, ya ndoa, ya deni, ya mazishi, na kwa kila moja alikuwa na mfano. Kwa hili hakuwa nao.

Baraza lilikaa kwenye banda la mnada wa tumbaku, kwa kuwa msimu wa kuuza ulikuwa umekwisha na banda lilikuwa tupu. Harufu ya majani makavu bado ilishika koo. Mwenyekiti, Mzee Omari, alikaa na wenzake nyuma ya meza. Watu walijaa kuliko siku nyingine yoyote, ile video iliwaita. Humaidi naye alikuwepo, amekaa nyuma kwenye kiti alichokuja nacho kutoka dukani, kwani siku hiyohiyo alikuwa na shauri lake, analilalamikia spika la kigango.

Lugembe hakusema mengi. Alisema kaka yake alikufa bila mtoto wa kiume mkubwa, shamba lilifyekwa na baba yao, na kuhusu yote mengine wamsikilize mtu wa Mungu. Akaiweka simu mezani, akabonyeza. Sauti ya Anakleti ilijaa bandani. *Hata jembe ni la ukoo! Afunge mzigo arudi kwao.* Vicheko vya kwenye simu vilikutana na vicheko vya bandani. Josepha alikuwa amekaa chini na mtoto mgongoni, akitazama ardhi.

"Mwalimu," Mzee Omari alisema, "hii ni sauti yako?"

"Ni sauti yangu, mwenyekiti. Ila ili baraza lielewe, naomba nianze na injili ya siku ile. Palikuwa na hakimu katika mji mmoja, naye hakimu huyo..."

"Kwa ufupi, mwalimu."

"Kwa ufupi, hakimu huyo hakumwogopa Mungu. Sasa, zamani za wazee wetu, hakimu alikuwa mtu wa namna gani? Baba yangu alipokuwa Ulyankulu..."

"Ameanza!" mtu alipiga kelele nyuma, na banda likaangua kicheko. Mwingine akasema, "Mleteeni mto wa kulalia!" Anakleti alisimama huku mdomo ukiwa wazi. Alijua kwamba jibu lilikuwa fupi, lakini hakuijua njia fupi ya kulifikia. Jasho lilimtoka chini ya koti.

"Lilikuwa ni mfano," alisema mwishowe. "Nilikuwa nimevua koti."

"Koti!" Lugembe aliwageukia watu. "Mwanamume anasema neno, akiulizwa anasema nilikuwa nimevua koti. Kesho nikikuibia mbuzi nitasema sikuwa nimevaa kofia. Au kwenu mlikotoka ndivyo mlivyozoea?"

Kicheko kilikuwa kidogo safari hii, na wengine walitazama pembeni.

Mzee Omari aligonga meza. "Tuyaache ya nani katoka wapi. Wengi hapa mlikuwa kanisani siku ile. Swali ni jepesi. Baada ya maneno haya mwalimu alisema nini? Aliyekaa mpaka mwisho anyooshe mkono."

Watu walianza kutazamana.

Anakleti aliwatazama watu wake mmoja mmoja. Aliwabatizia watoto walipokuwa mahututi, akawazikia wazazi, padre akiwa mbali. Mkono wa Josepha ulikuwa juu, lakini yeye ndiye mwenye shauri. Mkono wa Benedikta ulikuwa juu, lakini yeye ni mke. Kijana wa kwaya alijikuna shingo. Mzee wa kanisa alisema kwa aibu, "Mimi nilitoka kidogo. Nilikuwa na mtu wa mbolea nje." Mama mmoja akasema, "Mwalimu, nisamehe, nilipitiwa na usingizi. Niliamshwa kwenye sadaka." Wengine walikuwa wametoka kunyonyesha, kutazama simu, kununua vitumbua. Kila mmoja alijua kwamba akirudi atamkuta mwalimu bado anasema.

Hapo ndipo Anakleti aliposhuka mabega. Si kwa sababu ya kesi. Alikuwa akiona, kwa mara ya kwanza, kanisa lake lilivyokuwa tupu kila alipolivaa koti.

"Mimi," sauti ndogo ilisema.

Janeti alikuwa amesimama. Mama yake alimshika kanga, hakumvuta. "Mimi ndiye niliyekata video," alisema. "Baba alisema mengine baadaye. Mimi nikayaacha. Nilitaka iwe dakika moja." Machozi yalimshuka hadi kidevuni, hakuyafuta. "Msimfukuze mama Josepha kwa sababu yangu."

Lugembe hakumcheka. Alisema tu, "Mwenyekiti, huyu ni binti yake. Ulitegemea aseme nini?" Na Mzee Omari, akionekana kuumia, aliandika kitu, kisha akawainamia wenzake. Walianza kunong'ona.

"Naomba kusema," Humaidi alisema kutoka nyuma.

"Shauri lako linafuata, Mzee Humaidi. Subiri zamu."

"Shauri langu ndilo hili." Alisimama, akakisogeza kiti chake mbele, akakaa tena kwa kuwa magoti yalimsumbua. "Nimeleta malalamiko kwamba spika la kanisa linatazama duka langu. Ndivyo au sivyo? Nyinyi mnatoka kununua vitumbua. Mimi nitoke niende wapi? Mke wangu Saleha atoke aende wapi? Kila Jumapili tunamsikia huyu bwana kuanzia ishara ya msalaba mpaka tangazo la kufagia. Kwa lazima."

Watu walianza kucheka, akawanyoshea kidole.

"Siku ile nilikuwa napima sukari. Nikasikia sauti imebadilika, imekuwa nzito kama ya mtu aliyekula akashiba cha mwenzake. Nikamwambia Saleha, leo kamleta dhalimu. Maana tunawajua wote, mlevi wake tunamjua, mchoyo wake tunamjua, kuna yule mwanamke msengenyaji, Saleha humcheka sana. Yule dhalimu akasema hayo ya jembe. Kisha, 'Sasa nimerudi.' Husema hivyo siku zote. Akasema..." Humaidi alifumba macho. "Akasema, anayeng'oa mche wa mjane, mvua haimjui tena. Akasema Egidi na Josepha walilijenga bani lile pamoja, yeye mwenyewe aliwaona, mwanamke akibeba udongo na mimba juu. Akasema ukoo unaomfukuza mke wa marehemu unamzika marehemu mara ya pili. Aliyarudia mpaka wali wetu ukashika chini ya sufuria. Lakini aliyasema."

Lugembe alikuwa amesimama. "Wewe Mwarabu, ya Wakristo yanakuhusu nini?"

"Yananihusu kwa kuwa mmeyageuzia dukani kwangu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu, na Mzee Omari mwenyewe alikizuia kwa taabu kikiwa kimemfika masharubuni. Lugembe aliichukua simu yake mezani akaitia mfukoni.

Walinong'ona tena nyuma ya meza. Kisha mwenyekiti alisema kwamba kipande cha maneno si maneno, baraza haliwezi kusimama juu yake. Josepha atalima msimu huu, mbuzi waondolewe kwenye bani leo kabla ya jua kuzama, na asiyeridhika aende kata.

"Bado langu," alisema Humaidi.

"Nitaligeuza spika, baba," Anakleti alimwambia. "Leo hii."

Humaidi alianza kukikunja kiti chake. "Usiligeuze. Punguza sauti tu. Na maneno, mwalimu. Punguza na maneno. Sisi wengine tunaunguza wali."

*

Josepha alikuja na viazi vitamu kwenye beseni, na safari hii alikaa. Jua lilikuwa bado juu ya migomba. Benedikta alichemsha chai ya maziwa, na watoto wa Josepha walimfukuza kuku wa katekista kuzunguka nyumba. Anakleti alikuwa amelitundika koti kwenye msumari ukutani. Alikuwa kimya, na mkewe alimtania kwamba tangu aolewe hajawahi kukaa naye kimya muda mrefu hivi, aitwe daktari.

Josepha alimvuta Janeti akae karibu naye. Hakumwambia kwamba amemsamehe. Alimpa kiazi kikubwa, akakimenya mwenyewe kwanza.

Simu ililia kwenye dirisha. Janeti aliichukua, akaona namba asiyoijua na ujumbe wa sauti. Aliubonyeza akidhani ni mtu wa kwaya anayeomba radhi.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba katekista," alisema mwanamke. Alikuwa akiongea chinichini, kama aliye karibu na ukuta. "Mimi simjui mtu huko. Niko Tura, mbele ya Tabora, karibu na stesheni. Namba nimeipata kwa mtu wa grupu. Mume wangu amefariki mwezi uliopita. Shemeji yangu ananichezea sauti yako kila siku, asubuhi na jioni. Mimi nilikuwa nakataa kutoka, baba, lakini kama Kanisa limesema, mimi ni nani nibishane? Nimefunga mzigo. Naondoka kesho na watoto. Nilitaka tu kuuliza, ni kweli Kanisa limesema hivyo?"

Kiazi cha Josepha kilikuwa mkononi mwake nusu kimemenywa.

"Mpigie," alisema Benedikta.

Janeti alipiga. Namba haikupatikana. Alipiga tena, na tena, mpaka ile sauti ya kike ya mtandao, iliyosema jambo lilelile kwa upole uleule, ikamfanya atake kuitupa simu.

"Hii sauti imetumwa lini?" Josepha aliuliza.

"Asubuhi. Tulikuwa barazani, sikuwa na bando, nimeweka sasa hivi."

Anakleti alinyoosha mkono. "Nionyeshe pa kusemea."

Janeti alikishika kidole cha baba yake, akakiweka mahali pake. Alimwona akivuta pumzi ile ndefu ya Jumapili, ile ya kuanzia mbali. Baba yake aliitazama simu. Aliachia ile pumzi yote bila kusema kitu. Kisha akasema:

"Mama, si Kanisa lililosema. Si mimi. Usiondoke."

Akainua kidole.

Ujumbe ulikwenda. Janeti aliuweka uso wake karibu na kioo. Ilitokea tiki moja ya kijivu. Walisubiri ya pili. Benedikta alisimama nyuma ya mumewe, Josepha akasimama na mtoto, wote wakiinamia ile alama ndogo kama watu wanaopuliza moto wa kuni mbichi. Nje watoto walikuwa wamemkamata kuku, wanapiga kelele.

"Bado moja?" Anakleti aliuliza.

"Moja, baba."

"Treni ya kwenda Tabora inapita Usoke saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa na uhakika. Anakleti alikwenda ukutani, akalichukua koti msumarini, akalivaa.